VPN katika bajeti ya parokia: tunapima nini kabla ya kulipa

Katika bajeti za miradi zilizoletwa ofisini kwetu, kamati kadhaa za parokia zimeweka kifungu ambacho hatukuwa tumezoea kukiona: huduma ya VPN. Baadhi wameomba fedha za mwaka mmoja, wengine za miaka miwili, na wapo ambao hawakuomba kitu kwa kuwa tayari wamepakua ya bure kwenye simu ya katibu. Wahisani nao wametuuliza kifungu hicho ni cha nini na kama kuna ulazima wa kuwa nacho. Tumeona ni vema kutumia kurasa hizi kueleza VPN ni kitu gani, inalinda nini na hailindi nini, na namna tunavyoipima kabla ya kukubali ilipiwe kwa michango ya watu.

Suala lenyewe si dogo. Kompyuta ya parokia siku hizi ina majina ya yatima wanaolipiwa ada, orodha ya wagonjwa wanaotumia dawa za kupunguza makali ya VVU, picha za watoto wanaofadhiliwa, na namba za akaunti za wahisani. Kwa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamwajibisha kila anayekusanya taarifa za namna hii kuzitunza kwa usalama, na taarifa za afya na za watoto zinapewa uzito wa pekee. Orodha ya wagonjwa ikishasambaa kijijini, hakuna kikao cha kamati kinachoweza kuirudisha.

Mfano wa kifurushi cha basi

Herufi VPN zinatokana na maneno ya Kiingereza yanayoweza kutafsiriwa kuwa mtandao pepe wa binafsi. Mwanzoni ilitengenezwa kwa ajili ya mashirika yenye matawi, ili mhasibu aliye tawini aweze kufungua mafaili ya makao makuu kana kwamba ameketi pale pale ofisini. Matumizi hayo yapo hadi leo na hatuna neno nayo. Inayoombwa katika bajeti zetu ni nyingine, ile inayouzwa na makampuni kwa mtu mmoja mmoja, kwa mwezi au kwa mwaka, na kutangazwa kuwa ni kinga ya kila kitu.

Wasomaji wetu wengi wamewahi kutuma kifurushi kwa basi. Unaandika jina la mpokeaji na mji anakoishi, unamkabidhi kondakta, na kifurushi kinaondoka. Kondakta hajui kilichomo ndani, lakini anajua nani ametuma, nani atapokea, na siku gani. Mpokeaji naye anajua kimetoka wapi. Katika intaneti, kondakta ni kampuni ya simu unayonunua kwake bando, au mwenye Wi-Fi ya nyumba ya wageni uliyolala.

Ukitumia VPN, kifurushi chako unakitia ndani ya sanduku lenye kufuli, na juu ya sanduku unaandika jina la wakala aliye mji mwingine. Kondakta anaona tu kwamba sanduku linakwenda kwa wakala. Wakala analifungua, anakitoa kifurushi, anaandika jina lake kuwa ndiye mtumaji, na kukipeleka kwa mpokeaji. Jibu linarudi kwa njia hiyo hiyo. Hivyo kondakta hajui tena unawasiliana na nani, na mpokeaji hajui uko wapi. Lakini wakala anajua yote mawili. Kila alichokuwa anakijua kondakta wako sasa anakijua yeye, na yeye yuko nchi ambayo hujawahi kufika, na hujui hata sura yake.

Kwa hiyo kununua VPN ni kuhamisha imani kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine, na mengi tunayoyaandika hapa yanahusu namna ya kumpima huyo wa pili.

Kufuli ambalo tayari lipo

Matangazo ya VPN hupenda kumwonyesha mwizi aliyekaa kwenye kona ya mgahawa akisoma nywila za wateja hewani. Kulikuwa na wakati jambo hilo lilikuwa kweli kabisa. Mwezi Oktoba 2010 mtaalamu mmoja Mmarekani alitoa hadharani programu ndogo iitwayo Firesheep, na yeyote aliyeiweka kwenye kompyuta yake aliweza kuingia katika kurasa za Facebook za watu waliokuwa wakitumia Wi-Fi moja naye. Nia yake ilikuwa kuyaaibisha makampuni yabadilike, na yalibadilika.

Leo tovuti nyingi zinasimba mawasiliano yake zenyewe. Utazitambua kwa anwani inayoanza na herufi https. Shirika lisilo la faida la Let's Encrypt lilianza mwaka 2015 kutoa bure vyeti vinavyowezesha usimbaji huo, na hata tovuti ndogo ya shule ikaweza kuwa navyo. Ujumbe wa WhatsApp umekuwa ukisimbwa kutoka simu hadi simu tangu Aprili 2016. Tukirudi kwenye mfano wetu, kifurushi chenyewe siku hizi kimeshonwa vizuri hata kabla ya kutiwa kwenye sanduku la wakala. Mwenye Wi-Fi anaweza kuona kwamba umefungua tovuti ya benki, lakini haoni nywila yako wala salio lako.

VPN inaongeza kinga juu ya hapo kwa kuficha majina ya tovuti unazozitembelea. Kwa karani anayepakua fomu za serikali, hilo si jambo kubwa. Kwa mhudumu anayewasaidia wanawake waliokimbia kupigwa nyumbani, au anayetafuta kliniki kwa niaba ya mgonjwa asiyetaka kujulikana, jina la tovuti peke yake linatosha kufichua siri. Tofauti hii ndiyo tunayoitazama kwanza tunaposoma maombi.

Upo pia upande ambao VPN haigusi kabisa. Haimzuii mtu kubonyeza kiungo cha utapeli kilichotumwa kwa barua pepe. Haizuii virusi vinavyoletwa na flashi iliyopita kwenye kompyuta sita za steshenari. Haisaidii kompyuta ya mkononi ikiibwa kwenye basi. Na ule ujumbe maarufu unaomtaka mtu atume pesa kwenye namba nyingine kwa kuwa laini ya kwanza ina matatizo unakuja kwa SMS, njia ambayo VPN haipo. Mzee mmoja mjumbe wa kamati alituuliza kama wakishanunua VPN wezi hawatawapata tena. Tulimjibu kwamba wezi wengi wa mtandaoni hupitia kwa binadamu mwenye haraka, na huyo hakuna kampuni inayouza kifuniko chake.

Faragha: wakala huyu ni nani?

Karibu kila kampuni ya VPN hutangaza kwamba haitunzi kumbukumbu za wateja. Maneno hayo ni rahisi kuyaandika, na mteja aliye Songea au Bukoba hana namna ya kuingia ndani ya seva zao kuyahakikisha. Kwa hiyo tunatafuta mahali ambapo ahadi ilijaribiwa: mahakamani, mbele ya polisi, au siku ambayo data ilivuja.

Mwezi Oktoba 2017, hati zilizowasilishwa mahakamani Marekani zilionyesha kwamba kumbukumbu za kampuni ya PureVPN ziliwasaidia wapelelezi wa FBI kumtambua mtu aliyekuwa akimsumbua na kumtishia mwanamke mmoja huko Massachusetts. Hatumsikitikii mtu huyo. Tunachokiona sisi ni kwamba kampuni ilikuwa ikiwaambia wateja wake kuwa haitunzi kumbukumbu za kuwatambulisha, na kumbe zilikuwapo za kutosha kumfikia mtu. Mwezi Julai 2020, kanzidata ya UFO VPN, kampuni ya Hong Kong iliyotoa ahadi kama hiyo, ilikutwa wazi kwenye intaneti bila nywila yoyote. Ndani yake mlikuwa na anwani za IP za watumiaji, saa walizounganishwa, na hata nywila zilizoandikwa bila kusimbwa.

Upande wa pili kuna kisa cha Mullvad ya Sweden. Tarehe 18 Aprili 2023 polisi walifika katika ofisi yake ya Gothenburg wakiwa na hati ya upekuzi, wakitaka kuchukua kompyuta zenye taarifa za wateja. Wafanyakazi waliwaeleza kwamba taarifa hizo hazipo, na polisi wakaondoka mikono mitupu. Kampuni hiyo haimtaki mteja atoe jina wala barua pepe. Anapewa namba ya akaunti, basi. Hatupigi debe kwa ajili ya mtu yeyote, lakini ushahidi wa namna hii tunaupa uzito kuliko nyota tano zilizochorwa kwenye tangazo.

Baada ya ahadi tunamtafuta mwenye mali. Mwaka 2021 kampuni ya Kape Technologies iliinunua ExpressVPN kwa dola za Marekani milioni 936, huku tayari ikiwa na CyberGhost, Private Internet Access na ZenMate. Mwaka huo huo ilinunua pia kampuni inayoendesha vpnMentor, tovuti inayolinganisha huduma za VPN na kuwaelekeza wasomaji wanunue ipi. Hakuna kosa la jinai hapo. Ila mtu anayeuliza njia kwa mwenye duka asishangae akielekezwa dukani kwake. Kwa sababu hii hatukubali jedwali lililonakiliwa kutoka tovuti ya ulinganisho kuwa ndiyo tathmini ya kamati.

Ya bure

Hili tunalitilia mkazo kwa kuwa ndilo lililoenea zaidi. Uganda ilipoanza kutoza kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa matumizi ya mitandao ya kijamii mwezi Julai 2018, watu wengi walikimbilia VPN za bure ili wasiilipe, na Facebook ilipofungiwa huko Januari 2021 hali ikawa hiyo hiyo. Programu za namna hiyo zimezagaa katika simu za eneo letu lote, mara nyingi bila mwenye simu kujua ni nani aliyezitengeneza.

Kuendesha seva kunagharimu fedha, na asiyelipwa na mteja hulipwa na mwingine. Watafiti wa taasisi ya CSIRO ya Australia na wenzao wa vyuo vikuu walichunguza programu 283 za VPN za simu za Android na kutoa matokeo mwaka 2016. Asilimia 18 hazikuwa zikisimba chochote. Sanduku halikuwa na kufuli. Asilimia 75 zilikuwa na vipachiko vya makampuni mengine vya kufuatilia nyendo za watumiaji, na asilimia 38 zilionyesha dalili za programu hasidi. Mwaka 2015 ilibainika kwamba Hola, iliyokuwa na mamilioni ya watumiaji wa bure, iliuza njia zao za intaneti kwa wateja wengine kupitia huduma iliyoitwa Luminati. Maana yake ni kwamba mgeni angeweza kupitisha shughuli zake kwenye bando lako na kwa anwani yako, na wewe ndiye ungeulizwa.

Kisa cha Onavo Protect kinatufundisha kwamba hata jina kubwa si dhamana. Facebook iliinunua Onavo mwaka 2013, na programu hiyo ikaendelea kutolewa kama kinga ya mtumiaji. Kumbe taarifa zilizopita humo zilitumiwa kujua watu wanatumia programu gani nyingine na kwa muda gani. Iliondolewa kwenye duka la Apple Agosti 2018, na Julai 2023 mahakama ya shirikisho ya Australia iliamuru kampuni mbili tanzu za Meta zilipe jumla ya dola za Australia milioni 20 kwa kuwapotosha watumiaji.

Hatusemi kila ya bure ni mbaya. Proton VPN ya Uswisi, kwa mfano, inatoa daraja la bure linalogharamiwa na wateja wanaolipia, na programu zake ziko wazi kwa wataalamu kuzikagua. Swali la kamati liwe fupi tu: fedha za kuendesha huduma hii zinatoka wapi? Kama jibu halipatikani baada ya nusu saa ya kutafuta, programu hiyo ifutwe kwenye simu ya katibu.

Usalama: sanduku na kufuli lake

Hapa tunaangalia kwanza itifaki, yaani aina ya kufuli. WireGuard, iliyoingizwa rasmi katika kiini cha Linux Machi 2020, ina msimbo mfupi ambao wataalamu wanaweza kuusoma wote na kuukagua. OpenVPN ni ya tangu 2001 na imevumilia majaribio mengi. Zote mbili tunazikubali. PPTP, ambayo bado huonekana katika menyu za ruta za zamani, watafiti walionyesha mwaka 2012 kuwa usimbaji wake unaweza kuvunjwa ndani ya siku moja. Kampuni inayoitoa hiyo peke yake tunaiweka kando.

Kisha tunaangalia kampuni ilivyojiendesha siku ya matatizo. Mwezi Machi 2018 mtu asiyeruhusiwa aliingia katika seva moja ya NordVPN iliyokodiwa nchini Finland, na wateja wakaja kujua Oktoba 2019. Baada ya hapo kampuni iliagiza ukaguzi wa nje na kubadili seva zake ziendeshwe bila diski za kuhifadhia. Ukaguzi wa nje ni mzuri, lakini tunawaomba wajumbe wasome vitu vitatu: nani alikagua, lini, na alikagua nini hasa. Ukaguzi wa programu ya simu hausemi lolote kuhusu kumbukumbu za kwenye seva.

Vipimo vingine kamati inaweza kuvifanya yenyewe. Fungua tovuti inayoonyesha anwani yako ya IP na uiandike kwenye karatasi. Washa VPN, fungua tena. Namba ikiwa ile ile, huduma haifanyi kazi. Fanya pia jaribio la kuvuja kwa DNS, ambayo ni kama daftari la simu linalotafuta namba ya kila tovuti unayoitaja: kama jina la kampuni yako ya simu bado linatokea kwenye matokeo, basi kondakta anaendelea kusoma majina ya wapokeaji.

Halafu jaribu kukatika. Kwetu umeme hukatika, ruta huzima na kuwaka, na simu huhama kutoka Wi-Fi kwenda bando mara nyingi kwa siku. Kila mara VPN inaweza kuanguka kwa sekunde kadhaa, na katika sekunde hizo kila kitu kinapita bila sanduku. Huduma nzuri ina swichi ya kusimamisha mawasiliano yote mpaka VPN irudi. Iwashe, anza kupakua faili kubwa, kisha zima ruta na kuiwasha tena huku ukitazama kama upakuaji unaendelea kwa anwani ya zamani. Simu nyingi za Android zina mpangilio wake wa kuzuia mawasiliano yasiyopita kwenye VPN, na tunapendelea huo.

Mwezi Mei 2024 watafiti walitangaza udhaifu walioupa jina TunnelVision: mwenye Wi-Fi mwenye nia mbaya anaweza kuielekeza kompyuta ipitishe mawasiliano nje ya VPN huku alama ya kuunganishwa ikiendelea kuwaka. Simu za Android hazikuathirika. Ushauri wetu kwa watumishi walio safarini ni rahisi: kompyuta ipate intaneti kutoka kwenye simu yako mwenyewe, na Wi-Fi ya nyumba ya wageni iachwe kwa ajili ya kutazama mpira.

Kasi

VPN lazima ipunguze kasi kidogo, kwa kuwa kifurushi kinazunguka kwa wakala kwanza. Kiasi gani, inategemea zaidi wakala yuko wapi. Mwanga ndani ya nyaya za intaneti husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi ni kilomita 670 hivi kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo kwenda na kurudi hakuwezi kupungua milisekunde 7. Hadi London ni kama kilomita 7,500, yaani milisekunde 75 kwa uchache, na nyaya za baharini hazinyooki, hivyo uhalisia ni zaidi. Ukiwa Mwanza na wakala wako yuko London, hata tovuti iliyo Dar es Salaam itafunguka baada ya safari ya Ulaya na kurudi.

Hesabu hiyo inasaidia pia kukamata udanganyifu mdogo. Makampuni mengine huorodhesha seva ya nchi fulani huku mashine yenyewe ikiwa bara jingine. Seva inayoitwa ya Nairobi ikijibu kwa milisekunde 160 kila saa ya siku, kuna shaka kubwa kwamba haiko Nairobi.

Kupima kwenyewe kufanyike kwa utaratibu. Tumia kompyuta ile ile na mahali pale pale, mara tatu bila VPN na mara tatu ukiwa nayo, asubuhi, mchana na jioni, siku mbili au tatu. Andika kasi ya kupakua, kasi ya kupakia na muda wa kujibu, kisha uchukue namba ya katikati, siyo ile nzuri kuliko zote. Usisahau kupakia, maana kazi ya parokia ni kutuma: ripoti zenye picha, video fupi za kisima kilichokamilika. Baada ya hapo fanya kazi halisi, mfano mazungumzo ya video na mhisani kwa dakika 20. Sauti ikikatika hapo, namba nzuri za kwenye kipimo hazina maana. Wala msipime wiki ambayo mkongo wa baharini umekatika, kama ilivyotokea Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipoharibika na nchi zetu kadhaa zikapata intaneti ya kudonoa.

Bando nalo liangaliwe. WireGuard huongeza baiti 60 hivi kwenye kila pakiti ya baiti 1,500, yaani takriban asilimia 4, na hilo linavumilika. Linalouma zaidi ni hili: wenye bando maalumu la WhatsApp au mitandao ya kijamii wakiwasha VPN, kampuni ya simu haiwezi tena kutambua kwamba wanatumia WhatsApp, na hivyo inakata kwenye bando la kawaida au kwenye salio. Aidha, benki inapoona unaingia kutoka nchi ya mbali inaweza kuomba uthibitisho zaidi au kusimamisha akaunti. Mhasibu azime VPN anapofanya kazi za benki, na atumie bando la ofisi.

Sheria

Tarehe 13 Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilitoa taarifa kwa umma ikiwataka watu na taasisi ambazo kazi zao zinahitaji VPN kutoa taarifa kwake kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo, pamoja na anwani za IP zinazohusika. Taarifa hiyo ilirejea Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020, zinazokataza teknolojia ya kuwawezesha watu kufikia maudhui yaliyozuiwa, kwa adhabu ya faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Kwa hiyo parokia ya Tanzania haitapata fedha za kifungu hiki kutoka kwetu bila uthibitisho kwamba imewasiliana na TCRA na kufuata utaratibu uliopo wakati huo. Wenzetu wa nchi jirani nao waulize mamlaka zao.

Tumeulizwa pia kama VPN ingesaidia intaneti inapozimwa kabisa, kama ilivyokuwa Tanzania kuanzia tarehe 29 Oktoba 2025 kwa siku kadhaa. Haisaidii. Wakala anafikiwa kwa barabara ile ile, na barabara ikifungwa sanduku halisafiri.

Maombi ya robo ijayo

Kabla ya VPN tutauliza kama mambo ya gharama ndogo yamefanyika: kila mtumishi awe na nywila yake mwenyewe, uthibitisho wa hatua mbili uwe umewashwa kwenye barua pepe, diski ya kompyuta yenye orodha za walengwa iwe imesimbwa, nakala ihifadhiwe mahali pengine, na programu ziwe zimesasishwa. Tumekuta ofisi iliyoomba VPN ya miaka miwili huku nywila ya kompyuta ya miradi ikiwa imeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya kioo chake.

Maombi yatakayofikiriwa kwanza ni ya watumishi wanaosafiri na taarifa za walengwa, na ya wale wanaohudumia watu ambao hata kutajwa kwa tovuti kunaweza kuwadhuru. Tunapendelea malipo ya mwezi mmoja mmoja kwa miezi mitatu ya kwanza. Bei za miaka miwili huonekana nafuu, ila mara nyingi hujirudia zenyewe kwa bei ya juu zaidi, na kadi iliyolipia inaweza kuwa ya mtumishi aliyekwisha kuondoka.

Kila kamati iambatanishe karatasi moja yenye jina la kampuni na mmiliki wake, nchi ilikosajiliwa, itifaki inayotumika, ukaguzi wa mwisho na tarehe yake, matokeo ya vipimo vya kuvuja na vya kasi, na jina la mtumishi atakayeitumia pamoja na kazi yake. Zilizo na VPN ya bure zilete karatasi hiyo hiyo. Katibu asiye na kompyuta anaweza kuijaza kwa mkono na kumkabidhi mratibu wa kanda atakapopita kukusanya ripoti za miradi.